C7-D na Atom 230: Prosesa mbili, betri moja, na saiba ya Ami

Wiki iliyopita nilikuwa Mombasa, nikapita Kibokoni kumwamkia ami yangu. Akaniambia, "Mwanangu, hebu nitafutie waya wa printa kwenye lile kabati la chini ya ngazi." Waya sikuupata. Nilichopata ni bodi ya kompyuta iliyofungwa kwa gazeti la mwaka 2009, na juu ya gazeti hesabu zangu mwenyewe, kwa kalamu nyekundu. Nilicheka, kisha nikaona haya. Leo nataka tuzungumze kuhusu hesabu hizo.

Turudi nyuma kidogo. Mapema 2009 Ami alikuwa na saiba ya kompyuta sita kwenye chumba cha chini cha nyumba yao, zile nyumba za mawe ya matumbawe zenye kuta nene na dari ya boriti. Kompyuta zote zilikuwa Pentium 4 za mitumba. Msiojua Pentium 4 nawaambia hivi: toleo lile la 2004 la gigahezi 3.0 lilipangiwa wati 89 kwa prosesa peke yake. Zidisha kwa sita, ongeza vioo, ongeza watu, kisha vifungie ndani ya chumba kimoja Mji wa Kale wakati wa kaskazi, mwezi wa Februari. Wateja walikuwa wakija na leso za kujifutia jasho. Bili ya stima ilikuwa inamla Ami akiona.

Ami alikuwa na akiba ya kubadilisha boriti zilizoanza kuoza ghorofa ya juu. Akaniita, mimi ndiye "mtu wa kompyuta" wa ukoo, akauliza kama fedha zile zikiingia kwenye mashine mpya zitarudi kabla dari haijamwangukia. Nikamwambia zitarudi. Nilikuwa kijana, nilikuwa nimesoma kurasa za majedwali ya wati, na nilijiona mjuzi.

Wakati huo mashine ndogo za mezani zisizokula umeme zilikuwa na milango miwili. Wa kwanza ni VIA C7-D. Ukoo wa C7 ulitoka 2005, umebuniwa na Centaur, kampuni ndogo ya Austin, Texas, iliyoanzishwa 1995 na Glenn Henry na wenzake, kisha ikanunuliwa na VIA ya Taiwan mwaka 1999. C7-D ilipotoka 2006 VIA waliitangaza kuwa prosesa "isiyo na kaboni", kwa maana kwamba watalipia miradi ya kufidia hewa chafu inayotokana na umeme wake. Maneno ya biashara, lakini ilikuwa kweli kwamba ile ya gigahezi 1.8 kiwango chake cha juu ni wati 20. Mnamo Novemba 2007 kompyuta yenye C7-D ya gigahezi 1.5, Everex gPC, iliuzwa Walmart kwa dola 199 ikiwa na Linux ndani. Mimi nilikuwa nimeagiza bodi moja ya aina hiyo kwa matumizi yangu, na ndiyo iliyokuwa kabatini.

Mlango wa pili ni Intel Atom 230, ya Juni 2008. Gigahezi 1.6, biti 64, kilobaiti 512 za kumbukumbu ya ndani (C7 ilikuwa na 128), transista milioni 47, bei ya orodha dola 29. Na wati? NNE! Nne dhidi ya ishirini. Mtu gani mwenye akili angechukua C7?

Jambo linalonifurahisha hadi leo ni kwamba Atom nayo ilibuniwa Austin. Jina la ndani la usanifu wake, Bonnell, ni la kilima kilichoko mji huohuo. Yaani mahasimu hawa wawili ni watu wa mtaa mmoja.

Kiufundi walifanana kuliko walivyotofautiana. Zote mbili zinatekeleza amri kwa foleni, ya kwanza kwanza. Fikiria feri ya Likoni: lori la mbele likizima injini kwenye mteremko, wote nyuma mnangoja, hata mwenye baiskeli. Prosesa kubwa za wakati ule, Pentium 4 ikiwamo, zina karani anayepita kwenye foleni na kumwambia wa baiskeli apite pembeni. Karani huyo anataka transista nyingi na umeme mwingi, kwa hiyo Centaur na Intel wote walimwachisha kazi. Tofauti ni kwamba Atom ilikuwa na Hyper-Threading, yaani foleni mbili kwenye gati moja: lori likikwama huku, wa kule wanapanda. Kwa prosesa ya foleni hilo ni jambo kubwa, na ndiyo sababu Atom ilionekana nyepesi zaidi mteja alipofungua kivinjari huku akichapa barua kwenye Jambo OpenOffice (ile ya Kiswahili iliyotoka Dar es Salaam Desemba 2004, mnaikumbuka?).

C7 ilikuwa na silaha yake. Iliitwa PadLock, sehemu ya silikoni inayosimba data kwa njia ya AES bila kuisumbua prosesa. Nilijaribu kwa programu ya OpenSSL na Atom iliachwa mbali sana, haikuwa mashindano. Intel hawakuweka amri za AES kwenye prosesa zao hadi 2010. Sisi waandishi wa programu tulipenda mambo haya, lakini mteja wa Kibokoni wa 2009 hakuja kusimba kitu. Hata Gmail haikufanya njia salama kuwa ya kawaida kwa kila mtu hadi Januari 2010. VIA walijibu swali sahihi mapema mno.

Basi nikaandika hesabu kwa kalamu nyekundu. Atom, wati 4. Diski na kumbukumbu, wati 15. Kioo sikukiandika kabisa! Betri ya UPS ya kawaida ni volti 12 na ampea-saa 7, yaani wati-saa 84. Ami akauliza stima ikikatika atabaki na muda gani. Nikamjibu bila kupepesa macho, "Saa mbili, Ami. Na nimekupunguzia." Akanunua Atom sita.

Sasa angalieni nilichokosea. Prosesa haikai peke yake. Bodi za kwanza za Atom 230 ziliwekwa chipu ya 945GC, ya ukoo wa 2005, inayoshughulikia kumbukumbu na picha. Chipu hiyo ilipangiwa wati 22.2, na mwenzake ICH7 wati 3.3. Ukizitazama bodi hizo utacheka: prosesa imevalishwa kipande kidogo cha alumini bila feni, na chipu iliyo pembeni ndiyo yenye feni! Kwa hiyo wati 4 zangu zilikuwa karibu 30. Kwenye bodi za C7 ilikuwa kinyume, prosesa ndiyo mlaji, na chipu ya CN700 ilitosheka na alumini tupu. Pengo la nne kwa ishirini likayeyuka. Intel wenyewe walilirekebisha mwanzoni mwa 2010 kwa Atom D510, iliyomeza kazi za ile chipu ndani ya prosesa.

Na hayo bado ni madogo. Vioo vya Ami vilikuwa vile vya mgongo, vya inchi 17, vinavyokula wati 70 au zaidi kila kimoja. Sanduku la umeme nalo, likiwa la wati 300 na kubebeshwa mzigo mdogo, linapoteza sehemu nzuri kama joto. Jumlisha mwenyewe. Nilikuwa nimeshindanisha sarafu mbili wakati noti zinaanguka mfukoni.

Hukumu haikuchelewa. Mwaka ule mvua zilikuwa zimekosekana, bwawa la Masinga kwenye Mto Tana likasimamishwa kuzalisha umeme mwezi Juni, na Agosti 2009 mgao ukatangazwa nchini. Siku ya kwanza stima kukatika mtaani kwetu Ami alinipigia simu huku UPS zikilia nyuma yake kama vifaranga. Dakika ishirini. Hakunigombeza. Alisema tu, "Zile saa mbili ulizipima kwa saa ya nani?" Ningefurahi zaidi angenitukana.

Nilikwenda na kipima umeme cha kuazima, jambo ambalo ningefanya tangu mwanzo. Tukauza vioo vya mgongo, tukatafuta vya bapa vya mtumba vya inchi 15, tukaunganisha inveta na betri mbili za lori. Zikawa saa za kutosha kupita alasiri. Pesa ya vioo ilitoka kwangu, kwa miezi minne.

Lakini kisichokuwa kwenye hesabu ya mtu yeyote kilitoka baharini. Juni 2009 kebo ya TEAMS ilifika Mombasa kutoka Fujairah (njia ambayo majahazi yetu yaliijua zamani), na tarehe 23 Julai kebo ya SEACOM ikaanza kazi. Kabla ya hapo intaneti ya Kenya kwenda nje ilipita kwenye setilaiti, na prosesa yoyote ilikuwa na muda wa kulala ikingoja ukurasa. Ghafla ukurasa ukafika kabla prosesa haijajiandaa. Vijana wakataka YouTube. Video za Flash kwa kioo kizima ziliichosha Atom 230, na C7 yangu nyumbani ilizicheza kama kitabu cha picha kinachofunuliwa polepole. Pentium 4 za kale, na jasho lao lote, zingefanya vizuri zaidi! Kwa saiba ya 2007 nilichagua vyema. Kwa saiba ya 2010, sivyo. Boriti zilibadilishwa 2012, miaka mitatu baada ya ahadi yangu.

Centaur nayo ilifika mwisho wake. Novemba 2021 Intel waliilipa VIA dola milioni 125 ili wachukue baadhi ya wahandisi wake. Watu wa mtaa mmoja, hatimaye chini ya paa moja. Kuna kichekesho kingine pia: mwaka 2018 dunia iliposhikwa na hofu ya Meltdown na Spectre, kasoro zilizotokana na yule karani wa kupanga foleni, Atom za kabla ya 2013 hazikuhusika. Uzembe wao uliwaokoa.

Bodi ya C7 nimeichukua, nimeifuta vumbi, inawaka. Ni ya biti 32 tu, na Debian 13 iliyotoka Agosti 2025 haina tena kisakinishi cha biti 32, kwa hiyo itabaki na toleo la 12. Kwa Ami imebaki Atom moja, inapokea kazi za printa za watu wanaokuja kuchapa fomu za eCitizen. Feni yake ya pembeni anaisafisha kwa brashi ya rangi kila Ijumaa kabla ya kwenda msikitini. Waya wa printa, kumbe, ulikuwa nyuma ya friji.