Saa za dhahabu tupu na saa za kuvikwa dhahabu

Saa ya dhahabu tupu ni saa ambayo kasha lake lote, kuanzia mgongo hadi duara linaloshika kioo, limetengenezwa kwa mchanganyiko mmoja wa dhahabu. Saa ya kuvikwa dhahabu ina kasha la madini ya bei ndogo, mara nyingi shaba ya njano, lililobanwa katikati ya mabamba mawili membamba ya dhahabu. Neno "tupu" halina maana ya dhahabu safi. Dhahabu safi, yaani karati 24, ni laini mno kuhimili bawaba na skrubu, kwa hiyo makasha hutengenezwa kwa karati 18 (sehemu 750 za dhahabu katika 1000) au karati 14 (585), na Uingereza hata karati 9 (375). Kasha la karati 9 huhesabiwa kuwa dhahabu tupu ingawa zaidi ya nusu ya uzito wake ni madini mengine, kwa sababu ukilikata popote utakuta kitu kilekile. Kasha la kuvikwa lenye ngozi ya karati 14 linaweza kung'aa kulishinda, lakini ukilikata utakutana na shaba.

Kuvika ni tofauti na kuchovya. Kuchovya kwa umeme huacha utando wa mikroni chache tu, ambao vidole na jasho huumaliza mapema. Kuvika makasha ya saa kulianza na James Boss wa Philadelphia, aliyepata hataza mwaka 1859. Yeye alichukua bamba la madini ya kawaida, akalichomelea dhahabu juu na chini, kisha akalipitisha kwenye vinu vya kubana mpaka likawa jembamba. Kubanwa huko kulilifanya bamba liwe gumu, na kasha lililotoka humo lilikuwa imara kuliko mengi ya dhahabu tupu yaliyotengenezwa kwa bamba jembamba ili kupunguza bei. Mafundi wa zamani waliofanya kazi hii kwa uaminifu wanastahili heshima, na mtu anayeita saa ya kuvikwa "saa bandia" anawakosea.

Uwanja mkubwa wa saa hizi ulikuwa Marekani, kati ya miaka ya 1870 na 1930, na huko kuna jambo ambalo huwapotosha watu kuliko lolote jingine. Viwanda vya Waltham, Elgin na Hamilton vilijulikana kwa mashine za saa. Makasha mengi yalitoka kwa watengenezaji wengine kama Keystone, Crescent, Wadsworth na Dueber. Mashine na makasha yalifuata saizi zinazofanana, 18, 16 au 12, na mnunuzi aliingia dukani akachagua mashine kivyake na kasha kivyake, kulingana na mfuko wake. Dereva wa garimoshi angeweza kutumia fedha zake zote kwenye mashine bora kabisa, kisha akaitia ndani ya kasha la nikeli au la kuvikwa. Kwa hiyo jina lililoandikwa kwenye uso wa saa halisemi lolote kuhusu dhahabu. Habari za dhahabu zimo ndani ya kifuniko cha nyuma.

Ukikifungua kifuniko hicho, tafuta kwanza miaka. Watengenezaji wa Marekani walizoea kupiga chapa ya dhamana: miaka 10, 20 au 25, wakimaanisha kwamba ngozi ya dhahabu haitaisha kabla ya muda huo. Chapa inayosomeka "Guaranteed 25 Years" ni ungamo kamili. Dhahabu tupu haina siku ya kuisha, na hakuna fundi ambaye angeiwekea dhamana ya miaka. Hata kama kando yake pameandikwa "14K", karati hizo ni za ngozi peke yake. Serikali ya Marekani ilipiga marufuku dhamana za namna hii mwaka 1924, kwa hiyo kasha lenye miaka karibu kila mara ni la kabla ya hapo. Baadaye zilitumika sehemu. "1/20 12K GF" maana yake ni kwamba sehemu moja katika 20 za uzito wa kasha ni dhahabu ya karati 12, ambayo nayo ni nusu tu ya dhahabu safi. Kasha la gramu 20 la aina hiyo lina nusu gramu ya dhahabu safi. Herufi "RGP" huonyesha ngozi nyembamba zaidi.

Chapa ngumu kusoma ni "14K" au "18K" isiyo na neno jingine lolote. Marekani haikuwa na ofisi ya serikali ya kupima na kupiga muhuri makasha, na kabla ya sheria ya mwaka 1906 kuhusu chapa za dhahabu na fedha, neno la mtengenezaji lilikuwa neno lake tu. Maandishi "U.S. Assay" yanayoonekana kwenye baadhi ya makasha yanasikika kama muhuri wa dola, lakini ni tangazo la kiwanda.

Ulaya mambo ni afadhali. Uswisi, chini ya sheria ya mwaka 1880, iliweka kichwa cha mwanamke Helvetia kwa karati 18 na kindi kwa karati 14. Tangu mwaka 1995 inatumia kichwa cha mbwa wa Saint Bernard. Ufaransa hutumia kichwa cha tai kwa karati 18. Uingereza kila ofisi ina alama yake: kichwa cha chui ni London, nanga ni Birmingham, ngome ni Edinburgh. Alama hizi ni ndogo kama punje ya mchele, na zinapigwa kwa nguvu hivi kwamba kingo zake ni kali chini ya lenzi. Tahadhari moja tu: kampuni ya Dennison ya Birmingham, iliyoanzishwa na Mmarekani Aaron Dennison baada ya kushiriki kuasisi kiwanda cha Waltham, iliyapa makasha yake ya kuvikwa majina ya Nyota, Mwezi na Jua. Asiyejua huona jina la mwezi ndani ya kasha akadhani ni muhuri wa serikali. Kwenye saa za mkononi za Uswisi, maneno "plaqué or" na idadi ya mikroni yanamaanisha dhahabu ya juujuu. Mikroni 20 ni sehemu moja ya hamsini ya milimita. "Fond acier inoxydable" ni mgongo wa chuma kisichoshika kutu.

Kinyume chake pia hutokea. Saa nyingi za mfukoni za Ulaya za dhahabu tupu zina kifuniko cha ndani cha shaba, kimeandikwa waziwazi "cuvette métal". Mtu akikisoma hicho peke yake ataidharau saa ya karati 18. Kila kipande kisomwe kivyake: mgongo, kifuniko cha ndani, shingo na ile pete ya juu inayoshika mnyororo.

Pale ambapo chapa zimefutika, angalia mahali panaposuguliwa. Chukua saa ya mfukoni yenye kifuniko cha mbele, uishike pembeni mwa dirisha mchana, si chini ya taa ya manjano. Zungusha ukingo taratibu. Kwenye saa ya kuvikwa iliyotumika sana utaona, pale kidole gumba kilipozoea kubonyeza kifuniko, mstari mwembamba ambapo rangi inabadilika ghafla, kutoka njano ya joto kwenda njano iliyopauka au wekundu wa shaba, kama rangi ya ukuta iliyochubuka. Pete ya juu huchubuka upande wa ndani inakogusana na mnyororo, na bawaba hutoka madoa ya kijani kwenye mikunjo. Saa ya dhahabu tupu nayo huchakaa: nakshi hufifia, kingo huwa duara, hata tundu huweza kutoboka. Lakini rangi ya chini ni ileile ya juu.

Uzito mkononi hudanganya, kwa kuwa mashine na kioo vimo. Kipimo ninachokiamini kuliko vyote kinahitaji mizani ya sonara, uzi na bilauri ya maji. Fundi saa aitoe mashine na kioo kwanza. Pima kasha hewani, kisha ulitundike kwa uzi likizama lote majini bila kugusa chini, na hakikisha hakuna povu lililonaswa kwenye bawaba. Gawanya uzito wa hewani kwa tofauti ya vipimo viwili. Kasha la gramu 40 linalopungua gramu 3.1 majini linatoa karibu 13, ambao ni uzito wa dhahabu ya karati 14 ukilinganishwa na maji. Likipungua gramu 4.5 linatoa chini ya 9, na hiyo ni shaba iliyovikwa. Karati 18 hutoa karibu 15.5. Hakuna kilichokwaruzwa, na saa inarudishwa ilivyokuwa.

Masonara, wa Mombasa na Unguja kama wa kwingineko, husugua dhahabu kwenye jiwe jeusi kisha wakadondosha tindikali. Njia hiyo ni nzuri kwa pete na bangili, ila kwa saa ya kuvikwa ngozi ya juu hujibu kama dhahabu, maana ndivyo ilivyo. Ili tindikali ifike kwenye shaba na kutoa povu la kijani, lazima kasha lichimbwe kwa tupa, na jeraha hilo halifutiki. Mashine za eksirei zilizoenea madukani nazo husoma mikroni chache za juu. Ngozi ya kasha la zamani la miaka 25 inaweza kuwa nene kupita hapo, nayo mashine ikatangaza karati 14 bila kusita.

Makosa ya kutambua hayaishii kwenye bei. Januari 1980 dhahabu ilipofika dola 850 kwa aunsi, makasha mengi ya dhahabu tupu yaliyeyushwa, na mashine zilizokuwa ndani zikabaki tupu kwenye masanduku ya mafundi. Nyingi zilihamishiwa baadaye kwenye makasha ya kuvikwa, ambayo hayakuwa na thamani ya kuyeyushwa. Ukitaka kujua kama saa yako ni mojawapo, ondoa mashine utazame ukingo wa ndani ambapo skrubu mbili huishika. Kila skrubu huacha alama yake kwenye kasha. Alama mbili zinazokaa sawasawa na skrubu zinaonyesha kwamba mashine na kasha huenda vimeishi pamoja tangu dukani. Alama nne zinaonyesha kwamba kasha hili liliwahi kubeba mashine nyingine.