Mbegu ya Pinki Si Msosi: Vile Unafaa Kulisha Chiriku Wako Ukiwa Nunguni

Mvua ya Oktoba ikigonga Ukambani, kila mtu yuko shambani. Wiki mbili baadaye, kona ya stoo iko na nusu paketi ya mbegu ya mtama iliyobaki, imefungwa na raba. Hapo nje kuna keji ya finchi wawili, wale chiriku wadogo, wanapiga kelele za njaa. Akili inakushow: si ni mtama tu? Wape wamalize.

Wacha hapo kwanza, msee. Hiyo nusu paketi inaweza kumaliza keji nzima.

Mbegu iliyotiwa dawa ni gani?

Mbegu nyingi za paketi hupakwa dawa kabla ya kufika kwa agroveti. Kuna ya kuzuia ukungu, kama thiramu na metalaksili, na kuna ya kuua wadudu, kama imidaklopridi. Halafu inatiwa rangi, pinki, kijani ama buluu, ndio kila mtu ajue hiyo si chakula. Stika ya KEPHIS kwa paketi inamaanisha mbegu imekaguliwa kwa ajili ya kupanda. Haimaanishi iko salama kumanga.

Shida kubwa ni saizi. Zebra finchi ana uzito wa karibu gramu 12 pekee. Ripoti ya American Bird Conservancy ya 2013 ilisema punje moja tu ya mahindi yaliyopakwa neonikotinoidi, familia ya imidaklopridi, inaweza kuua ndege mdogo. Punje moja, manze.

"Si nitaosha tu?"

Zii. Cheki kilichotokea Iraq mwaka wa 1971. Nchi ilikuwa imeletewa ngano ya kupanda iliyopakwa dawa ya zebaki na kutiwa rangi. Maonyo kwa magunia yalikuwa kwa Kihispania na Kiingereza, lugha ambazo wakulima wengi hawakuelewa. Kuna walioosha, rangi ikatoka, wakadhani mambo iko fiti. Sumu ilibaki. Zaidi ya watu 6,500 walilazwa na 459 wakafia hospitalini.

Na usidanganywe na mbegu kuota. Iliyotiwa dawa huota poa kabisa, ndiyo kazi yake.

Dawa isiyo na rangi

Hii ndiyo hushika watu wengi. Nafaka ya sokoni haina pinki, lakini inaweza kuwa imechanganywa na poda ya kuzuia dumuzi na fukusi ikiwa stoo. Ukinunua gorogoro ya mtama pale soko ya Nunguni, uliza kwa heshima: "Mwaitu, hii iliwekwa dawa?" Kama iliwekwa, tafuta ingine. Nafaka iliyohifadhiwa kwa mifuko isiyopitisha hewa, kama ile ya PICS, ndiyo bora, kwa sababu wadudu hufa kwa kukosa hewa bila poda yoyote.

Ukungu nao ni noma

Watu wa Makueni na Kitui hawahitaji kuelezwa hii sana. Mwaka wa 2004, mahindi yenye sumukuvu yaligonjesha watu 317, na 125 kati yao wakafa. Wengi walikuwa wa kaunti hizi mbili. Sumu hiyo yenyewe iligunduliwa kupitia ndege: mwaka wa 1960 huko Uingereza, zaidi ya bata mzinga 100,000 walikufa baada ya kula chakula cha karanga zilizooza. Kwa hivyo nafaka ikiwa na harufu ya uvundo, imeshikana ama imebadilika rangi, usiseme "hii ni ya ndege tu." Tupa mbali, hata kuku wasifikie.

Sasa wamange nini?

- Mawele (mwee): Hii ndiyo ugali wao. Nunguni iko juu kwa baridi ya milima ya Kilungu, kwa hivyo nafaka kama hii hutoka sana kule chini kwenye joto.
- Wimbi: Punje ndogo, inatoshea mdomo mdogo. Changanya na mawele.
- Mtama (muvya): Punje ni kubwa kwa finchi, ivunjevunje kwanza. Mtama mweupe kama Gadam hauna ule uchungu mwingi. Hakikisha tu ni wa kula, si wa paketi ya kupanda.
- Masuke ya nyasi: Bure kabisa. Chuma yakiwa mabichi, mbali na barabara na mashamba yaliyopulizwa dawa, kisha uoshe.
- Simsim: Kidogo tu, iko na mafuta mengi.
- Terere na sukuma wiki: Kipande kidogo, kimeoshwa.
- Yai la kuchemsha: Kijiko kidogo mara mbili kwa wiki, hasa wakitaga. Ganda lililochemshwa na kusagwa linawapa kalisiamu.

Na avokado? Kilungu imejaa miti yake, lakini usithubutu. Ina kemikali inayoitwa persini, na hiyo huua ndege. Weka mbali pia chokoleti, kahawa na krispi za chumvi.

Makosa madogo yanayoua

Finchi hubambua kila punje na kuacha ganda. Mkebe unaonekana umejaa kumbe ni makapi matupu. Puliza makapi kila asubuhi uone kama kuna punje, kwa sababu ndege wa saizi hiyo hawezi kukaa siku nzima bila kula.

Ukibadilisha chakula, usikate ghafla. Changanya kipya na kile cha zamani, ukiongeza polepole kwa wiki moja ama mbili.

Akionyesha dalili za sumu

Amevimbisha manyoya, anatetemeka, anaanguka kutoka kwa kijiti ama anahema mdomo wazi? Toa chakula chote, weka maji safi, mweke mahali penye joto na giza kidogo, kisha pigia daktari wa mifugo. Maziwa hayatoi sumu, usimlazimishe. Beba ile paketi, daktari anahitaji kusoma jina la dawa.

Na wale wa porini?

Hii yote ni ya finchi wa kununua, waliozaliwa kwa keji. Kushika chiriku wa porini na kumfuga bila kibali cha KWS ni kosa chini ya Sheria ya Wanyamapori ya 2013. Wacha hao wajitafutie.

Ile nusu paketi ya pinki sasa? Ifunge vizuri, iweke juu pahali watoto na kuku hawafiki, upande mvua ikirudi. Gorogoro ya mawele safi haitakumaliza doo, na asubuhi utaamshwa na kelele zile zile.