Ugonjwa wa Akili na Haki ya Mgonjwa kwa Wenziwe

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, aliyemwumba mwanadamu akampa akili, na ambaye humjaribu amtakaye kwa lile alitakalo. Sala na salamu zimshukie Bwana wetu Muhammad (S.A.W.), na jamaa zake na Sahaba zake wote. Amma baad.

Ndugu Waislamu, nakuusieni na naiusia nafsi yangu kumcha Mwenyezi Mungu. Leo tuzungumze juu ya jambo lililomo katika nyumba nyingi, nalo huwekwa nyuma ya pazia.

Kijana ameugua ugonjwa wa akili. Amepelekwa hospitali, amepewa dawa, amepata nafuu, amerudi kwao. Siku ya Ijumaa anakoga, anavaa kanzu yake, anakuja msikitini na kusimama katika safu. Mtu aliye kuliani kwake anasogea kidogo. Na wa kushoto naye anasogea. Imamu amekwisha kutuamrisha tuzibe mapengo, lakini mapengo yale mawili hayazibwi. Kijana anayaona. Ijumaa ya pili haji.

Hebu tujiulize: hospitali imefanya kazi yake, sisi tumefanya yetu? Tuitazame historia yetu, tuone waliotutangulia walilishika vipi jambo hili.

Tuanze kwa Bwana Mtume (S.A.W.) mwenyewe. Imepokewa kwa Anas bin Malik, katika Sahihi ya Imamu Muslim, ya kuwa palikuwa na mwanamke ambaye akili yake ilikuwa na kasoro. Alimwendea Bwana Mtume akamwambia kuwa ana haja naye. Bwana Mtume hakumfukuza, wala hakumwagiza mtu mwingine amsikilize. Alimwita kwa jina la heshima, kama aitwavyo mama wa watu, akamwambia achague njia yoyote aipendayo katika njia za mji. Akaenda naye kando, wakasimama mpaka mwanamke yule akamaliza haja yake.

Tuyazingatie mambo matatu hapa. La kwanza, alimwita kwa heshima. La pili, alimwachia yeye achague mahali. La tatu, alimpa wakati, tena mahali ambapo watu waliona. Aliyekuwa akitengeneza umma mzima hakuona kuwa wakati ule umepotea.

Na sheria ikaenda njia hiyo hiyo. Mgonjwa ambaye akili yake imeondoka, kalamu imeinuliwa juu yake mpaka apate fahamu, haandikiwi dhambi. Mali yake inalindwa, na katika Sura ya Nisaa walii wa yule asiyeweza kuiangalia mali yake ameamrishwa amlishe, amvishe, na aseme naye kwa maneno mema. Angalieni, ndugu zangu: maneno mema yametajwa pamoja na chakula na nguo. Basi anayemlisha mgonjwa wake huku akimtukana ametekeleza sehemu tu ya amri.

Baadaye wakaja wataalamu. Katika eneo la Balkh, lililoko katika nchi ya Afghanistan ya leo, alizaliwa Abu Zaid al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934. Aliandika kitabu juu ya maslaha ya miili na nafsi. Alieleza kuwa nafsi nayo huugua kama mwili unavyougua, na akazungumza juu ya hasira, hofu, huzuni na wasiwasi, kila moja peke yake. Akaitenga huzuni yenye sababu inayojulikana na huzuni isiyojulikana sababu yake. Na katika tiba alisema kuwa kuna inayotoka ndani ya mtu, nayo ni fikra zake mwenyewe, na kuna inayotoka nje, nayo ni maneno ya mwenzake anayemnasihi. Kwa aliyeshikwa na wasiwasi alihadharisha juu ya upweke, kwa kuwa mtu akikaa peke yake fikra zile humzidia. Haya yameandikwa zaidi ya miaka 1,000 iliyopita.

Kisha wafalme na matajiri wakajenga nyumba za wagonjwa zilizoitwa bimaristani, neno la Kiajemi, maana yake ni mahali pa wagonjwa. Ziliendeshwa kwa wakfu: mapato ya mali iliyowekwa kwa ajili ya Mwenyezi Mungu yalilipa matabibu, wauguzi, chakula na dawa. Nuruddin Zangi alijenga ya Damascus mwaka 1154. Sultani Qalawun alijenga yake Cairo mwaka 1284, akaifungua kwa tajiri na maskini, mwenyeji na mgeni, mwanamume na mwanamke. Aleppo ilijengwa ya Arghun mwaka 1354. Vyumba vyake vilizunguka viwanja vya ndani vyenye birika za maji, ili mgonjwa apate mwanga na utulivu. Na katika mji wa Edirne, Sultani Bayezid wa Pili alikamilisha yake mwaka 1488. Msafiri Evliya Çelebi, aliyeuona mji huo katika karne ya 17, alisimulia kuwa wagonjwa waliletewa maua wayanuse, na watu wa sauti na ala walikuja mara tatu kwa wiki kuwaliwaza.

Ibn Jubair, msafiri wa Andalusia, aliingia Damascus mwaka 1184. Alieleza kuwa katika bimaristani palikuwa na wasimamizi wenye daftari, ambamo yaliandikwa majina ya wagonjwa na matumizi ya kila mmoja, na matabibu walifika asubuhi na mapema kuwatazama. Na Cairo, alikopita kabla ya hapo, aliona mahali palipotengwa kwa wagonjwa wa akili, na watu wa kuulizia hali zao kila siku na kuwapa kinachowafaa. Jina likiandikwa daftarini, na hali ikiulizwa kila siku, mgonjwa anabaki kuwa fulani bin fulani. Hawi “yule kichaa”.

Lakini, ndugu zangu, historia husimuliwa kwa haki, wala haisimuliwi kwa kujifakhiri. Ibn Jubair huyo huyo aliona Damascus wagonjwa wa akili waliofungwa minyororo. Aleppo na Cairo palikuwa na madirisha ya chuma. Waliotutangulia walikuwa na huruma, na pia walikuwa na khofu, kama sisi. Tuichukue huruma yao, na minyororo tuiache kwao. Maana hata leo yako majumba ambamo mtoto wa watu amefungwa kamba katika chumba cha uani, na wageni wakiuliza huambiwa amesafiri.

Katika zama za karibu, tabibu mmoja wa Nigeria, Thomas Adeoye Lambo, alituonyesha jambo kubwa. Mwaka 1954, huko Aro karibu na Abeokuta, hakungoja kuta za hospitali zikamilike. Aliwaweka wagonjwa katika vijiji vya jirani, kila mmoja pamoja na ndugu yake wa kumpikia na kumsindikiza. Mchana walikwenda kupata tiba, na jioni walirudi kukaa na watu. Wanakijiji wakawazoea. Tanzania nayo baada ya uhuru ilianzisha vijiji ambamo wagonjwa walilima na kuishi na jamaa zao. Dawa ilitoka kwa tabibu, na ukaaji mwema ukatoka kwa watu.

Tuje kwetu. Hospitali ya Mathari, Nairobi, ilifunguliwa mwaka 1910, na ya Mirembe, Dodoma, mwaka 1927. Unguja kuna Kidongo Chekundu. Hizi ni nyumba za tiba, na waliotibiwa humo wakapata nafuu ni wengi. Nasi tumeyafanya nini majina yake? Tumeyafanya matusi. Mtu akikosea neno barazani huambiwa apelekwe huko. Basi mgonjwa wa kweli, akisikia hivyo, atathubutuje kusema kuwa anahitaji tabibu? Ulimi wetu umemfungia mlango kabla hajaufikia.

Ewe Muislamu, ikiwa Mwenyezi Mungu amekujaribu kwa jamaa au jirani mwenye maradhi haya, shika mambo machache.

Mwite kwa jina lake, na umpe cheo chake: kama ni baba, ni baba, kama ni mwalimu, ni mwalimu. Kaa naye. Akizungumza, msikilize, usimcheke, wala usishindane naye juu ya anayoyaona au kuyasikia. Mwulize nini kinamtaabisha na nini kinamfaa, maana Bwana Mtume alimwachia mwanamke yule achague njia. Msindikize kliniki siku yake ikifika. Usimwachishe dawa kwa kudai kuwa dua yatosha. Bwana Mtume ametuamrisha kujitibu, na dua na dawa hazigombani. Mpe kazi anayoiweza, hata iwe kufagia ua au kuuza duka kwa saa moja, kwani mtu asiyehitajiwa na yeyote huona maisha yamemtupa. Akiharibikiwa tena, usiseme juhudi imepotea. Maradhi haya huenda na kurudi, na urafiki hupimwa yanaporudi. Ukiona anasema habari za kujiua, au hatari imekaribia, usimwache peke yake, na umpeleke hospitali bila ya kukawia. Na siri zake ni amana kwako.

Wala tusimsahau anayemuuguza. Mara nyingi ni mama, amekesha miaka, hana wa kumpokea. Nenda ukae na mgonjwa asubuhi moja, mama yule apate kulala. Kumzuru mgonjwa ni haki ya Muislamu juu ya Muislamu mwenziwe, na hakuna aliyesema kuwa haki hiyo ni ya mwenye homa tu.

Ndugu zangu, nusu saa ya kukaa na mtu haihitaji utajiri wa Qalawun. Muda si mrefu tutakimiwa, nasi tutasimama. Akiwapo katika safu yako mtu ambaye wengine wanamkimbia, nenda wewe ukasimame karibu naye, bega kwa bega. Baada ya salamu, mpe mkono, umwulize habari za nyumbani. Na Ijumaa ijayo usipomwona, nenda ukabishe hodi kwao.

Ewe Mola wetu, waponye wagonjwa wetu wa miili na wa akili. Wape subira wanaowauguza, na ulainishe nyoyo zetu kwao. Utuhifadhie akili zetu, na usitufanye sababu ya kuvunjika moyo wa mja wako yeyote. Nasema kauli yangu hii, na namwomba Mwenyezi Mungu msamaha kwangu na kwenu. Amin.