Nani Kazikwa Wajir?

Kuna mchezo ambao sisi watu wa mjini tunaupenda tukifika mahali pageni: kuuliza ni mtu gani maarufu kazikwa pale. Nairobi jibu ni rahisi. Jomo Kenyatta amelala kando ya majengo ya Bunge, na askari wanamlinda. Nenda Nyeri utaonyeshwa jiwe la Baden-Powell, mwanzilishi wa Skauti, aliyefariki mwaka 1941. Unapiga picha, unaendelea na safari.

Sasa jaribu mchezo huo Wajir. Toka katikati ya mji, pita bulla za pembeni (huku mtaa unaitwa bulla), utakuta makaburi kwenye mchanga mweupe. Ni vilima vidogo vya udongo na mawe, basi. Hakuna sanamu, hakuna marumaru, na mara nyingi hakuna hata jina. Utasimama pale na simu yako mkononi usijue upige picha ya nini.

Usidhani ni uzembe. Wajir ni mji wa Waislamu, na maiti wa Kiislamu haoshwi na kuvikwa sanda ili baadaye ajengewe jumba. Anaswaliwa, anazikwa haraka, uso ukielekea Kibla, na kaburi lake linainuliwa kiasi cha kutambulika tu lisije likakanyagwa. Wafugaji huongeza matawi ya miiba juu ili fisi wasifukue. Tajiri na maskini wanalala sawa. Jina la marehemu halikai kwenye jiwe, linakaa kwa watu. Mtoto wa Kisomali anafundishwa kutaja baba, babu, baba wa babu, mpaka vizazi vingi nyuma. Kwa hiyo ukitaka kujua nani kazikwa Wajir, macho hayatakusaidia sana. Itabidi uulize.

Ukiuliza wazee, watakuanzia mbali. Watakwambia habari za Wamadanle, watu wa kale ambao masimulizi yanasema walikuwa majitu, warefu kupita kiasi, na ndio waliochimba visima vya Wajir kwenye mwamba wa chokaa. Visima hivyo ndivyo vilivyouzaa mji: bila maji yale ngamia wasingekusanyika, wala Waingereza wasingeweka kituo chao hapo. Chungu kubwa za mawe zilizotapakaa kaskazini mwa Kenya, ambazo ni makaburi ya zamani sana, nazo wenyeji huwahesabia Wamadanle. Hawakuacha jina hata moja la mtu. Waliacha maji.

Halafu ukiendelea kuuliza, utatajiwa mwanamke mmoja Mwitaliano.

Annalena Tonelli alizaliwa Forlì, Italia, mwaka 1943. Alisomea sheria, lakini mwaka 1969 akaja Kenya kama mwalimu, na muda mfupi baadaye akawa Wajir. Hakuwa mtawa wala daktari. Alichokiona kule ni kwamba watu wanakufa kwa kifua kikuu, na kwamba dawa ipo ila mpango wa kuitoa haumfai mfugaji. Matibabu ya siku hizo yalichukua mwaka na zaidi. Mtu mwenye ngamia hawezi kukaa hospitali muda wote huo, mvua ikinyesha kwingine lazima ahame. Mwaka 1976 Tonelli akapewa kusimamia mradi wa majaribio wa Shirika la Afya Duniani wa kuwatibu wahamaji. Wagonjwa walijenga vibanda vyao vya kawaida kwenye manyatta karibu na kituo, wakaishi hapo miezi sita, na kila siku wakameza dawa mbele ya mtu anayewaangalia. Leo utaratibu huo wa kumeza dawa ukishuhudiwa unatumika duniani kote, na manyatta ya Wajir ni mojawapo ya mahali ulipojaribiwa mapema.

Angeweza kukumbukwa kwa hilo tu. Ila ikaja Februari 1984.

Ili uelewe Februari ile, kumbuka kwamba tangu tarehe 28 Desemba 1963, siku chache tu baada ya uhuru, Kaskazini Mashariki iliwekwa chini ya sheria ya hali ya hatari. Vita vya Shifta viliisha mwaka 1967, sheria ikabaki. Mwaka 1970 Bunge likapitisha sheria nyingine ya kuwakinga maafisa wasishtakiwe kwa waliyoyatenda huko wakati wa vita. Hali ya hatari haikuondolewa mpaka Novemba 1991. Yaani mtu aliyezaliwa Wajir mwaka wa uhuru alifika miaka 28 kabla hajaishi chini ya sheria sawa na ya Mkenya wa Nakuru.

Ijumaa tarehe 10 Februari 1984, alfajiri, wanajeshi na polisi walianza kuwakusanya wanaume wa ukoo wa Degodia. Sababu iliyotolewa ni kuwanyang'anya silaha baada ya mapigano kati ya Wadegodia na Waajuran. Walitolewa mjini, nyumba za Bulla Jogoo zikachomwa moto, wengine wakaletwa kutoka vijijini. Wote walipelekwa kwenye uwanja wa ndege wa Wagalla, takriban kilomita 15 magharibi mwa mji. Waliamriwa wavue nguo, walale kifudifudi kwenye jua kali, bila maji wala chakula. Aliyekataa alipigwa risasi. Siku zikapita hivyo. Wengine walikufa kwa kiu, wengine kwa kipigo, wengine walipojaribu kukimbia kuelekea kwenye ua.

Kisha miili ikapakiwa kwenye malori ikatupwa porini, mbali na mji, baadhi ya watu wakiwa bado wanapumua.

Hapo ndipo ule mchezo wetu wa kuuliza nani kazikwa wapi unapoacha kuwa mchezo. Maiti aliyetupwa kichakani hakuoshwa, hakuvikwa sanda, hakuswaliwa. Na tatizo halimwishii yeye. Mke wake ahesabu eda kuanzia siku gani? Ni mjane, au mumewe yuko jela fulani anakuja kesho? Mirathi igawanywe lini? Katika nchi ambapo kaburi halina maandishi, kinachomthibitisha marehemu ni watu waliosimama kwenye maziko yake. Wagalla iliwanyima watu wale maziko, na hivyo ikawanyima hata ushahidi kwamba walikufa.

Tonelli alikwenda porini na gari kuwatafuta. Yeye na wenzake waliwaokota waliokuwa hai wakawatibu, na waliokufa wakawazika. Orodha za majina na picha zikavuka mpaka Nairobi na kuwafikia wanadiplomasia, na dunia ikaanza kuuliza maswali. Baada ya hapo haikuwezekana tena kwake kukaa Kenya, ikambidi aondoke.

Kuanzia hapo vita vikawa vya hesabu. Serikali ilisema waliokufa ni 57. Mbunge Ahmed Khalif alisimama Bungeni kulipinga hilo na kudai uchunguzi, katika miaka ambayo kusimama hivyo kulihitaji moyo. Mwaka 2000 serikali ikakubali 380. Mwaka 2007 Salah Abdi Sheikh akachapisha kitabu kizima kuhusu mauaji hayo. Aprili 2011 Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ikaketi Wajir kusikiliza manusura, na ripoti yake ya Mei 2013 ikasema waliouawa ni karibu 1,000, kama si zaidi. Manusura wenyewe hutaja maelfu. Ona hizo tarakimu: 57, 380, 1,000. Mchanga ni uleule na mifupa ni ileile. Kilichoongezeka ni idadi ya watu waliokataa kunyamaza.

Tonelli alihamia Somalia, akaendelea na kifua kikuu chake, kisha Borama, Somaliland. Mwaka 2001, akitoa ushuhuda Vatican, alisema anaishi kwa kutumikia bila jina, bila shirika, bila mshahara. Juni 2003 Umoja wa Mataifa ukampa Tuzo ya Nansen ya wanaowahudumia wakimbizi. Tarehe 5 Oktoba mwaka uleule akapigwa risasi kwenye hospitali yake mwenyewe, akiwa na miaka 60. Mabaki yake hayakupelekwa Italia. Yalirudishwa Wajir, mahali pa faragha ambapo yeye na wenzake walikuwa wakijitenga kusali. Mkristo kati ya Waislamu, mgeni aliyefukuzwa, akarudi kulala karibu na watu aliowazika.

Kuna mwingine lazima atajwe, hata kama swali letu ni la makaburi. Dekha Ibrahim Abdi alizaliwa Wajir mwaka 1964, ndani ya hali ya hatari. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 koo za Wajir zilipokuwa zikiuana, alijikuta usiku mmoja chini ya kitanda na mtoto wake, risasi zikilia nje. Mama yake akamwambia: hata wewe ulipokuwa mdogo nilikuficha hivihivi. Dekha na wanawake wenzake wakaanzia sokoni, ambako wanawake wa koo hasimu walikuwa wamekataa kuuziana. Wakaweka zamu ya kulinda soko, kila mwanamke auze kwa amani. Kutoka sokoni wakawafikia wazee, na Septemba 1993 likapatikana Azimio la Al-Fatah. Mwaka 2007 alipewa Tuzo ya Right Livelihood. Alifariki Julai 2011 baada ya ajali ya barabarani, miezi mitatu tu baada ya Tume kusikiliza manusura wa Wagalla nyumbani kwao.

Februari 2014, miaka 30 baada ya tukio, Wajir ilizindua ukumbusho wa Wagalla wenye majina ya waliouawa. Mwaka uliofuata Rais Uhuru Kenyatta aliomba radhi kwa dhuluma za zamani na kutangaza mfuko wa shilingi bilioni 10. Familia bado zinasubiri fidia.

Watu ambao hawaandiki majina kwenye makaburi yao iliwabidi wayaandike ukutani, kwa sababu wale waliotajwa pale hawakupata makaburi. Ndiyo orodha ya watu maarufu waliozikwa Wajir. Wengi wao walikuwa wachungaji wa ngamia, wauza duka, vijana wa umri wako. Ukifika, tafuta mtu akusomee majina yale kwa sauti, ya baba na ya babu, kama wanavyotajwa nyumbani.