Mdaiwa Asiye Sahihi katika Mashauri ya Madai

Katika shauri la madai, mdaiwa ni yule ambaye mdai anaiomba mahakama imwamuru alipe, arudishe au atende jambo fulani. Wengi wetu hudhani kuwa huyo ni yeyote tuliyegombana naye. Sheria ya Tanzania huuliza swali jingine: ni nani mwenye wajibu wa kumjibu mdai?

Tuanze na mambo ya nyumbani. Parokia na kigango si watu mbele ya sheria. Kwa kawaida ardhi ya jimbo humilikiwa na Bodi ya Wadhamini iliyosajiliwa chini ya Sheria ya Muunganisho wa Wadhamini, Sura ya 318, nayo ndiyo hushtaki na kushtakiwa kwa jina lake kamili. Jirani mwenye mgogoro wa mpaka akimfungulia shauri paroko kwa jina lake binafsi, anamdai mtu asiyemiliki hata pembe ya kiwanja hicho, na ambaye mwakani huenda akahamishiwa parokia nyingine. Hata akishinda, hukumu yake haiifungi Bodi.

Kuhusu marehemu, shauri lililofunguliwa dhidi ya mtu aliyekwisha kufa ni batili. Anayejibu kwa niaba ya mali yake ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Mjane anayeletewa wito kwa deni la mumewe, deni ambalo yeye hakulikopa wala kulidhamini, anastahili kulijua hilo. Hata hivyo, asiutupe wito huo. Asipofika mahakamani, shauri laweza kusikilizwa upande mmoja na amri ikatolewa dhidi yake. Afike, aeleze kwamba si yeye anayepaswa kudaiwa, na aombe jina lake liondolewe.

Je, kosa hili huua shauri? Si lazima. Amri ya Kwanza ya Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai, Sura ya 33, inasema shauri halitashindwa kwa sababu tu ya kuunganisha au kutounganisha wahusika isivyo sawa. Mahakama yaweza kumwondoa asiyehusika na kumwingiza anayehusika. Lakini yuko mhusika wa lazima, ambaye bila yeye hakuna amri inayoweza kutekelezwa. Anayedai kiwanja kilichokwisha kuuzwa, kwa mfano, amuunganishe muuzaji pamoja na mnunuzi. Mahakama Kuu ililieleza hilo katika uamuzi uliochapishwa katika ripoti za sheria za mwaka 1983. Akimwacha mnunuzi, huenda miaka ya kesi ikafutwa kwenye rufaa.

Ukali zaidi uko katika madai dhidi ya Serikali, zikiwamo halmashauri. Tangu marekebisho ya mwaka 2020, notisi ya siku 90 hutangulia, na Mwanasheria Mkuu wa Serikali lazima aunganishwe. Asipounganishwa, mwenendo mzima hubatilika.

Wakati huo wote ukomo wa muda huendelea kuhesabiwa: miaka 3 kwa madhara ya kiraia, 6 kwa mkataba, 12 kwa kurejesha ardhi. Kwa hiyo jina lithibitishwe kabla ya hati ya madai kuandikwa: la kampuni BRELA, la bodi ya wadhamini kwa Kabidhi Wasii Mkuu, na la msimamizi wa mirathi katika mahakama iliyomteua.