Nembo, Chale na Chanjo: Historia Iliyoandikwa Juu ya Ngozi

Muhula uliopita, katika darasa moja la Kiswahili hapa Gisenyi, wilayani Rubavu, tulikuwa tukisoma kifungu chenye neno "nembo". Wanafunzi walilifahamu mara moja: nembo ya shule, nembo ya benki, nembo ya taifa. Tulipowaeleza kuwa zamani neno hilo lilitaja alama zilizokatwa usoni mwa mtu, msichana mmoja akasema kwamba bibi yake anazo alama za namna hiyo kwenye kipaji cha uso. Wenziwe wakacheka. Msichana akainama, wala hakutamka neno tena hadi kengele ilipolia. Tuliwanyamazisha waliocheka, lakini kuwafundisha hatukuweza, maana nasi hatukujua vya kutosha. Makala haya ni malipo ya deni hilo.

Yafaa tuanze mbali. Mwaka 1991, katika milima ya Alps, mpakani mwa Italia na Austria, iliokotwa maiti ya mtu aliyekufa yapata miaka 5,300 iliyopita, ikiwa imehifadhiwa na barafu. Wataalamu wamehesabu alama 61 katika ngozi yake, nyingi zikiwa karibu na viungo na mgongoni. Kwa hiyo wengi wao hudhani kuwa mtu huyo alikuwa akitibiwa maumivu. Nchini Misri nako, maiti mbili za Gebelein, zenye umri wa miaka 5,000 na zaidi, zilitambuliwa mwaka 2018 kuwa na michoro ngozini. Mwanamume ana picha za wanyama wawili wenye pembe juu ya mkono wake. Afrika, basi, haikungoja wageni waje kuifundisha desturi hii.

Ama neno "tatuu" wanalolipenda vijana, asili yake ni "tatau" la visiwa vya Polynesia. Mabaharia wa Kapteni James Cook walilisikia Tahiti mwaka 1769, wakalipeleka Ulaya. Kwa Wamaori wa New Zealand, michoro ya usoni iitwayo moko ilitambulisha ukoo na cheo cha mtu. Katika mkataba wa Waitangi wa mwaka 1840, baadhi ya machifu walichora sehemu ya moko yao badala ya kuandika jina.

Kwetu Afrika Mashariki chombo kilichotumika zaidi kilikuwa wembe au kisu kidogo, kwa kuwa kwenye ngozi nyeusi kovu huonekana vizuri kuliko wino. Msamiati wa Kiswahili washuhudia hayo: chale, tojo, kuchanja, nembo. Wamakonde wa Msumbiji na kusini mwa Tanzania huziita alama zao dinembo, neno lililo ndugu wa nembo yetu. Fundi alikata ngozi, akapaka masizi, na jeraha likipona likaacha mistari ya rangi nzito. Michoro hiyo hiyo ilitiwa katika vinyago. Vivyo hivyo kwa Waluba wa Kongo: sanamu za wanawake zilizobeba viti vya watawala zilichongwa zikiwa na chale kama za wanawake walio hai.

Hapa Rwanda mababu walikuwa na indasago, yaani chale za tiba, zilizochanjwa mahali panapouma. Na walikuwa na imanzi, alama zilizochorwa mwilini. Imanzi, kwa herufi zile zile, ndilo jina la daraja ya juu kabisa ya mashujaa wa taifa letu.

Je, alama hizi zilifikaje kuwa jambo la kuchekwa? Ni kwamba watawala na wamisionari waliziita ushenzi, na shule ikafundisha hivyo. Hata wapigania uhuru hawakuziacha salama: FRELIMO iliwakataza Wamakonde dinembo, ikitaka raia wa taifa moja wasiogawanywa na alama za kabila. Japani nayo ilipiga marufuku michoro ya mwilini mwaka 1872, wala marufuku hiyo haikuondolewa hadi mwaka 1948. Hivyo neno nembo likahama kutoka usoni mwa watu, likaenda kukaa juu ya barua na milango ya ofisi.

Hatupendi, hata hivyo, kusifu kila alama kwa kuwa ni ya kale. Yatupasa kuuliza ni nani aliyeshika wembe, na kwa ridhaa ya nani. Wafungwa wa Auschwitz walichorwa nambari mkononi ili wasihesabiwe tena kuwa watu. Sisi Wanyarwanda twajua zaidi ya hapo, kwamba alama yaweza kuua bila kugusa ngozi. Katika miaka ya 1930 utawala wa Wabelgiji ulianza kutoa vitambulisho vilivyoandikwa kabila la mwenye nacho. Karatasi hiyo haikutoa damu siku ilipoandikwa. Mwaka 1994, wakati wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, ndiyo iliyosomwa kwenye vizuizi vya barabarani. Kabila limeondolewa katika vitambulisho vyetu tangu hapo.

Tulitazame sasa neno la mwisho, chanjo. Mzizi wake ni kuchanja, kama mtu achanjavyo kuni. Mganga alichanja na kupaka dawa. Daktari wa ndui naye akachanja na kutia dawa. Watu wakaona kazi ni moja, wakaipa jina moja. Ndui ilikoma: mgonjwa wa mwisho aliyeambukizwa kwa njia ya kawaida alipatikana Merca, Somalia, mwaka 1977, na mwaka 1980 ulimwengu ukatangaziwa kuwa maradhi hayo yametoweka. Kinyarwanda kilichagua njia nyingine, kikasema urukingo, kutokana na kukinga. Kiswahili kilikumbuka wembe, Kinyarwanda kikakumbuka ngao. Desemba 2019, Ebola ikiwa ng'ambo ya mpaka wetu, watu wa Rubavu walianza kupewa chanjo katika mpango ulioitwa Umurinzi, yaani mlinzi.

Wiki moja baada ya kile kicheko tulimwomba yule msichana, akipenda, amwulize bibi yake. Akarudi na jibu. Bibi alipokuwa mtoto aliugua kichwa siku nyingi, na mama yake mwenyewe ndiye aliyemchanja. Halikuwa jambo la kabila wala la urembo. Ni mama aliyekuwa akimtafutia mwanawe uzima kwa ujuzi aliokuwa nao.

Darasa lilitulia. Ndipo tulipowaomba wanafunzi wapandishe mikono ya mashati na kutafuta lile kovu dogo la chanjo ya kifua kikuu wapewayo watoto wachanga. Karibu kila mmoja alikuwa nalo. Tukawauliza ni nani aliyewapeleka kuchanjwa. Wakajibu kwa pamoja, "Mama."

Ndugu walimu, Kiswahili ni lugha rasmi ya Rwanda tangu mwaka 2017, na wanafunzi wetu wengi wanacho bibi au babu mwenye alama ambazo hakuna aliyemwuliza habari zake. Wazee hao wanapungua. Tuwatume watoto wakaulize, kwa adabu, na majibu yaandikwe daftarini.