Kikinga Matone: Kifaa na Istilahi Yake

Kikinga matone ni kifaa kidogo kinachoshikwa pamoja na lambalamba au koni ya aiskrimu ili kupokea kinachoyeyuka kabla hakijafika kwenye vidole, nguo au sakafu. Aina inayojulikana zaidi ni kisahani chenye ukingo na ufa katikati: kijiti cha lambalamba hupenyezwa kwenye ufa huo, kisahani kikakaa kati ya barafu na mkono. Aina nyingine ni kikombe chenye mpini, ambacho ncha ya koni hutumbukizwa ndani yake. Vingine huongezewa mrija mfupi, ili mtoto aweze kunyonya maji matamu yaliyokusanyika badala ya kuyamwaga. Maumbo ni mengi, lakini kazi ni mbili tu, nazo hufanyika kwa pamoja: kupokea kimiminika kinachoshuka na kuulinda mkono ulio chini yake.

Haja ya kifaa hiki ilianza pale aiskrimu ilipotoka bakulini. Mtu anayekula kwa kijiko hasumbuliwi na kuyeyuka, kwa kuwa kinachoyeyuka hubaki ndani ya chombo. Mambo yalibadilika mwanzoni mwa karne ya 20. Mwaka 1903 Italo Marchiony, mhamiaji kutoka Italia aliyekuwa akiuza aiskrimu New York, alipata hataza ya mashine ya kutengenezea vikombe vinavyolika. Mwaka uliofuata, katika Maonyesho ya Dunia ya St. Louis, koni ilipata umaarufu mkubwa nchini Marekani. Barafu ya kijiti nayo huhusishwa na Frank Epperson wa California. Inasimuliwa kwamba mwaka 1905, akiwa na umri wa miaka 11, aliacha kinywaji nje usiku wa baridi kikiwa na kijiti cha kukorogea, na asubuhi akakikuta kimeganda. Hataza yake ilitolewa mwaka 1924.

Uvumbuzi wote huo ulimwezesha mlaji kula huku akitembea, lakini ulimwondolea bakuli. Koni ni chombo cha namna fulani, ila kaki yake hunyonya maji, hulainika na hatimaye huvuja kwenye ncha. Mwaka 1959 kiwanda cha Spica cha Napoli, Italia, kilipunguza tatizo hilo kwa kupaka ndani ya koni tabaka la mafuta, sukari na chokoleti, ambalo huzuia unyevu usiingie kwenye kaki. Kijiti hakina hata kinga hiyo. Kinachoyeyuka hushuka moja kwa moja juu ya mti hadi kwenye vidole.

Barafu ya mfuko, ile ya ukwaju, ubuyu au maji ya matunda inayogandishwa majumbani Afrika Mashariki na kuuzwa kwa watoto wa mtaani na wa shule, haihitaji kikinga matone. Mlaji hung'ata pembe ya mfuko na kunyonya, na kinachoyeyuka hubaki humo humo. Mfuko ni kifungashio na chombo cha kulia kwa wakati mmoja. Kikinga matone ni kifaa cha vitamutamu vilivyokosa chombo.

Ili kuelewa umbo la kifaa hiki, ni lazima kujua jinsi barafu tamu inavyoyeyuka. Maji matupu huganda kwenye nyuzi 0 za sentigredi. Maji yenye sukari huganda chini ya hapo, na kadiri yanavyoganda, sukari hukusanyika katika sehemu ya maji ambayo bado haijaganda. Hata ndani ya friza yenye nyuzi 18 chini ya sifuri, lambalamba huwa na fuwele za barafu zilizotenganishwa na sharubati nzito kidogo. Joto linapoingia, sharubati hiyo ndiyo inayotangulia kutoka. Kwa sababu hiyo matone ya kwanza huwa matamu na yenye rangi kali kuliko barafu inayobaki, na mtoto anayenyonya lambalamba kwa nguvu huona upande mmoja ukipauka na kuwa mweupe. Kwa sababu hiyo hiyo matone huacha ulimbo: maji yakikauka, sukari yote hubaki kwenye ngozi au kitambaa.

Kiasi cha joto kinachohitajika si kidogo. Gramu moja ya barafu iliyo kwenye nyuzi 0 huhitaji takriban juli 334 ili iwe maji. Lambalamba ya gramu 60, ikichukuliwa kama maji matupu, ingehitaji takriban juli 20,000. Kuipandisha kutoka kwenye baridi ya friza hadi nyuzi 0 huhitaji karibu sehemu moja ya tisa tu ya kiasi hicho. Ndiyo maana lambalamba hukaa ikiwa ngumu kwa muda mfupi, kisha hutona mfululizo hadi iishe.

Unyevu wa hewa huongeza kasi. Mvuke uliomo hewani ukigusa barafu hugeuka maji, na kila gramu inayogeuka hutoa takriban juli 2,500, joto la kutosha kuyeyusha zaidi ya gramu 7 za barafu. Maji hayo ya umande nayo huungana na yale yaliyoyeyuka. Kwa hiyo hata joto likiwa sawa, barafu hutona upesi zaidi kwenye hewa nzito ya Mombasa au Dar es Salaam kuliko kwenye hewa kavu ya bara, na upepo ukivuma huleta mvuke mpya bila kukoma.

Aiskrimu ya maziwa hufuata njia tofauti kidogo. Ndani yake mna viputo vya hewa na chembe za mafuta zilizoshikana, ambazo hulishikilia umbo hata baada ya sehemu ya barafu kuyeyuka. Badala ya kutona mara moja, hulegea, huporomoka upande mmoja, kisha hushuka ikiwa povu zito. Kikinga chake huhitaji mdomo mpana zaidi, kwa kuwa kinaweza kuangukiwa na donge zima.

Mwendo wa kimiminika ndio unaoamua ufundi wa kifaa. Ni sehemu ndogo tu inayodondoka hewani. Iliyo kubwa hushikamana na kijiti na kuchirizika kukifuata. Kisahani kipana chenye tundu lililolegea hakifai, kwa sababu mchirizi hupita kwenye mwanya kati ya mti na ukingo wa tundu, na mwanya mwembamba huvuta maji kwa wepesi. Vijiti vingi vya kawaida vina urefu wa milimita 114, upana wa milimita 10 na unene wa milimita 2, na ufa mzuri ni ule unaokibana kijiti kwa midomo laini. Silikoni hufaa kwa kazi hii kwa kuwa hunyumbuka, hurudi katika umbo lake na huvumilia baridi ya friza pamoja na maji ya moto ya kuoshea. Plastiki ngumu ni rahisi kutengeneza, lakini ufa wake haukubali vijiti vya unene tofauti. Aidha, kitako huinuliwa kidogo kuzunguka ufa, ili maji yaliyokusanyika yakae kandoni badala ya kusimama juu ya mwanya.

Ujazo nao una hesabu yake. Kisahani cha duara chenye kipenyo cha sentimita 8 na ukingo wa sentimita 1 hubeba mililita 50 kikiwa kimelala sawasawa. Kiasi hicho hukaribia kile cha lambalamba ndogo nzima iliyoyeyuka. Lakini mkono wa mtoto hautulii. Kisahani hicho kikiinama kwa nyuzi 7 tu, maji hugusa ukingo upande mmoja na kuachana na kitako upande wa pili, na kinachoweza kubaki ndani ni nusu, yaani mililita 25. Kikombe cha kipenyo cha sentimita 6 na kina cha sentimita 3 hubeba mililita 85 hivi, na hakifikii nusu ya ujazo wake hadi kiiname kwa takriban nyuzi 27. Kina cha chombo, basi, ndicho kinachomfaa mtoto kuliko upana. Upana humfaa mtu mzima aliyeketi, au anayekula kitu kinachomeguka.

Kikinga matone si lazima kinunuliwe. Karatasi ya kuokea keki ndogo, ikitobolewa katikati na kupitishwa kwenye kijiti, hutosha kwa lambalamba moja kabla haijalowa. Mfuniko wa plastiki wa kopo, ukichanwa kwa ncha ya kisu, hudumu zaidi. Vyote vinavyotumika tena huhitaji kuoshwa vizuri kwenye ufa, mahali ambapo maziwa na sukari hujificha. Kifaa kilichosuuzwa juu juu na kuachwa juu ya meza hugunduliwa na sisimizi kabla mwenyewe hajakikumbuka, na mabaki ya maziwa yaliyokaa kwenye joto huzalisha bakteria.

Kifaa hiki kina ndugu mkubwa kwa umri: duara la karatasi ngumu linalovishwa kwenye mshumaa. Waumini wanaoshika mishumaa katika mkesha wa Pasaka hulitumia ili nta ya moto isiwachome vidole. Kanuni ni ile ile: kitu kinachoyeyuka juu, shina linaloshikwa chini, na kizuizi kinachovishwa katikati. Istilahi nzuri ya Kiswahili inapaswa kuwafaa ndugu hawa wote wawili.

Kiingereza hukiita kifaa hiki kwa majina zaidi ya moja. Jina moja lina maana ya kinachodaka matone, jingine la kinachotoa ulinzi dhidi ya matone. Majina hayo yamegawana kazi mbili zilizotajwa mwanzoni, kila moja likibeba nusu. Kiswahili hakilazimiki kuchagua, kwa kuwa kitenzi kukinga kina maana zote mbili. Kukinga ni kuweka chombo chini ya kitu kinachomiminika: watu hukinga maji bombani, hukinga maji ya mvua kwenye michirizi ya paa, na mgema hukinga tembo kwa kibuyu. Kukinga pia ni kuzuia dhara lisimfikie mtu: mwavuli hukinga mvua, na chanjo hukinga maradhi. Anayevisha kisahani kwenye kijiti anakinga matone kwa maana ya kwanza na anajikinga nayo kwa maana ya pili.

Muundo wa neno ni wa kawaida. Kiswahili huunda majina ya vifaa kwa kiambishi ki-, kitenzi, na jina la kinachotendwa: kipima joto, kipaza sauti, kifyonza vumbi, kitakasa mikono. Jina likifuatwa na kijalizo, kitenzi hubaki na irabu -a. Lisipofuatwa, aghalabu huishia kwa -o. Ndiyo tofauti iliyopo kati ya kipimo na kipima joto. Kwa hiyo ni kikinga matone, na katika wingi vikinga matone: kikinga matone hiki kimejaa, vikinga matone hivi vimejaa. Neno la pili halibadiliki.

Majina mengine yanayoweza kufikiriwa yana kasoro. Kidaka matone kina muundo sahihi, na kidakatonge, jina la kile kinyama kinachoning'inia kooni, ni ushahidi kwamba mtindo huo ni wa zamani. Lakini kudaka ni kukamata kitu kikiwa hewani, ilhali matone mengi hapa hayapiti hewani. Tena kidaka kimeshachukuliwa na kishubaka cha ukutani katika nyumba za mawe za pwani. Kizuia matone hudai zaidi ya kinachofanyika, kwa sababu kifaa hakizuii barafu kutona. Kishika koni hutaja kushika tu na huviacha nje vijiti. Kisahani cha aiskrimu humfanya msomaji afikirie chombo cha mezani. Kikinga michirizi kingekuwa sahihi zaidi kifizikia, ila mchirizi kwa wengi ni wa paa la nyumba, na jina hilo lingempeleka mtu kwa fundi wa mabati. Tone linatosha, kwa kuwa mchirizi nao huishia kuwa matone.

Aina hutofautishwa kwa kuongeza kihusishi -a: kikinga matone cha kijiti, cha koni, cha mshumaa. Istilahi hii haihusu trei inayowekwa chini ya mashine ya kahawa au bomba la maji, kwa kuwa hiyo haishikwi mkononi wala haivishwi kwenye kinachotona. Haihusu pia karatasi inayofungwa kwenye koni dukani, ambayo kazi yake kuu ni usafi na ushikaji. Kidahizo chake katika kamusi kinaweza kuandikwa hivi:

kikinga matone nm [ki-/vi-] kifaa kidogo cha mkononi kinachovishwa kwenye kijiti cha lambalamba, ncha ya koni au shina la mshumaa ili kupokea kinachoyeyuka na kuulinda mkono: Mpe mtoto kikinga matone kabla hajafungua lambalamba.